Sarufi mpe, wazo usimpe

Aliweka mezani ripoti ya kurasa arobaini na kitu, imechapwa vizuri, imebanwa na springi ya plastiki. Mwaka wa tatu, mwenyeji wa Rombo. Utafiti wake ulihusu kwa nini wakulima wa kahawa wanawauzia walanguzi badala ya kupeleka mzigo kwenye AMCOS yao, yaani chama chao cha ushirika cha mazao. Alichokuja kuomba kilikuwa kidogo tu.

"Kaka, naomba unipitishie grama. Msimamizi amesema Kiingereza changu hakieleweki."

Nikafungua sura ya matokeo. Kiingereza kilieleweka. Kilisema kwamba wakulima hawana uelewa wa kutosha kuhusu umuhimu wa ushirika, hivyo elimu itolewe. Nikaifunga ripoti, nikamuuliza kwa Kiswahili: "Kwenu nani analima kahawa?"

Babu yake. Na babu anauza wapi? Akacheka. Anamuuzia jamaa anayepita jioni na pikipiki. Kwa nini? Hapo dada yule, ambaye muda mfupi nyuma alikuwa ananihesabia maneno kama anahesabu chenji, akaongea robo saa nzima. Chama kinapokea kahawa, kinatoa malipo ya awali, halafu mnasubiri malipo ya pili mpaka kahawa ipite mnadani. Januari shule zinafunguliwa, na sare, madaftari na michango havijui habari za mnada. Babu anajua fika kwamba bei ya mwenye pikipiki ni ya kumnyonya, ila anauza madebe mawili matatu ya kumvusha, mengine anapeleka chamani asije akaonekana si mwanachama.

"Sasa babu hana uelewa?"

Akanyamaza kidogo. "Anao," akasema. "Anao sana."

Nimefanya kazi hiyo miaka miwili, katika chumba nyuma ya maktaba ya chuo kimoja hapa Moshi, nikiwa mwanafunzi ninayelipwa kuwasaidia wanafunzi wenzangu kuandika. Kwenye karatasi za chuo tulikuwa na cheo kirefu. Kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje wanakokaa wanafunzi, tuliitwa watu wa grama. Jina hilo halikunikera kwa sababu linadharau. Lilinikera kwa sababu uongozi nao ulikuwa unaamini hivyo hivyo, na kila kitu katika kazi ile, kuanzia ratiba hadi malipo, kilipangwa kwa imani hiyo.

Toka nje ya geti la chuo, iwe Njiro, Usa River au huku kwetu, utakuta steshenari zimepangana, na haikosi moja yenye kijana ambaye mbali na kuprinti na kutoa kopi, anarekebisha. Unamwachia flashi asubuhi, jioni unachukua kazi iliyonyooka. Simlaumu. Ni riziki yake, na ana mkono mwepesi kuliko mimi. Ila chuo kikimweka mwanafunzi ndani ya geti afanye kitu kile kile, hakijaanzisha huduma ya uandishi. Kimefungua steshenari ya bure.

Wazo la huduma ya namna hii halikuanza hivyo. Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilifungua milango kwa wahitimu wote wa sekondari za jiji hilo, na madarasa yakajaa vijana ambao shule walizotoka hazikuwaandaa kwa maandishi ya chuo. Wakawekewa masomo ya ziada na washauri, lakini wengi wakayakwepa. Kenneth Bruffee, mwalimu wa Brooklyn College, sehemu ya chuo kikuu hicho, aliona kwamba msaada ule ulikataliwa kwa kuwa ulifanana mno na darasa lenyewe, na kwamba msaada wa rika, wa watu wawili waliokaa meza moja, ungepokelewa. Baadaye, mwaka 1984, alilieleza jambo hili kwa namna iliyonikaa kichwani: kufikiri ni mazungumzo tuliyoyaingiza ndani, na kuandika ni kuyatoa tena nje. Kama ni hivyo, maandishi yatakuwa mazuri kadiri mazungumzo yaliyoyatangulia yalivyokuwa mazuri. Mwaka huo huo Mmarekani mwingine, Stephen North, aliandika makala yenye hasira akiwalalamikia wenzake wa idara ya Kiingereza waliokigeuza kituo chake kuwa gereji ya kunyooshea insha zilizogongwa. Alisema kazi yake ni kumbadilisha mwandishi, karatasi itafuata.

Nilipoanza, tulipewa karatasi za mafunzo zilizonywea kisima hicho hicho. Kaa ubavuni mwa mwanafunzi, usikae ng'ambo ya meza. Usishike kalamu. Mwache asome kwa sauti, sikio lake litakamata kosa lenyewe. Akikuuliza jambo, mrudishie swali. Nilizipenda sana karatasi zile. Nikazifuata kama muumini mpya, mpaka alipokuja kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Same. Aliniuliza mahali fulani aandike 'in' au 'on'. Nikamuuliza: wewe unaonaje? Akasema hajui. Nikamwambia asome tena kwa sauti. Akasoma. Sasa unaonaje? Akaniangalia kwa ile subira ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Kaka, ningekuwa naona, ningekuja?"

Alikuwa sahihi kabisa, na karatasi zangu zilikuwa zimekosea. Kanuni ya kusoma kwa sauti inamtegemea mtu ambaye lugha amezaliwa nayo, sikio limeijua kabla ya jicho. Kijana yule alianza na Kipare kwa bibi, Kiswahili shuleni, na Kiingereza alikutana nacho kwa uzito kidato cha kwanza, kikiwa kwenye ubao wa baiolojia. Akisoma kwa sauti kwamba mama yake 'he' anauza nyanya, sikio halishtuki, maana Kiswahili hakijawahi kumdai aseme kama anayeuza ni mwanamke au mwanamume. Anauza, basi. Ukimwambia asikilize vizuri, atasikiliza mpaka maktaba ifungwe.

Kwa hiyo nikaacha huo utakatifu. Kosa la sarufi ningemwambia wazi: hapa ni 'she', na sababu ni hii, kwamba kile kiambishi chetu kimoja cha nafsi wao wamekigawa mara mbili. Dakika mbili. Safari inayofuata analikamata mwenyewe, kwa sababu sasa anajua anatafuta nini. Kanuni ya lugha haikuvumbuliwa na mtu yeyote darasani, haiibwi, na kumpa mtu hakumpunguzii chochote katika kazi yake. Kumnyima kwa jina la kumjengea uwezo ni ukatili wenye adabu.

Wazo ni habari nyingine, na hapa nakiri dhambi. Muhula wangu wa kwanza alikuja jamaa ana asaimenti ya maendeleo ya jamii, hana la kusema, muda umekwisha. Nikamhurumia. Nikamwambia: kwa nini usiseme hivi na hivi? Akaandika hivi na hivi. Wiki tatu baadaye akarudi anang'aa. "Mkuu, ile ya juzi ilikuwa kali. Nipe nyingine." Nilikuwa nimempata mteja.

Sasa, wazo linatoka wapi kama humpi? Kwa uzoefu wangu linatoka kwenye Kiswahili, na hapa ndipo nilipogombana na wakubwa. Mlangoni kwetu palibandikwa tangazo kwamba mazungumzo yote humo ndani ni kwa Kiingereza, ili wanafunzi wazoee. Nia njema, sina shaka. Ila nilikuwa nikifunga mlango tangazo linabaki nje.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mzee kuliko mimi. Kiswahili kinafundishia shule za msingi tangu mwaka 1967. Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kukitumia kufikia mwaka 1985, vyuo vikuu vifuate baadaye, haikuwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ikakitaja tena kwa ngazi zote, na wanafunzi wangu wakaendelea kuandika kwa Kiingereza kama kaka na dada zao. Wakubwa waendelee kubishana. Ninachosema mimi ni kidogo zaidi na hakihitaji sera: yale mazungumzo kabla ya kuandika hayana mtahini. Hakuna anayeyapa maksi. Kiingereza kinadaiwa kwenye karatasi, na kitalipwa kwenye karatasi. Ya nini kukidai mezani, wakati mtu bado anatafuta anachotaka kusema?

Wanaopinga husema mwanafunzi wa chuo kikuu ajifunze kufikiri kwa Kiingereza. Nimeona kinachotokea. Mtu akilazimishwa kufikiri kwa Kiingereza alichonacho, atafikiri yale tu ambayo ana Kiingereza chake. Na Kiingereza alichonacho amekiokota kwenye ripoti za waliomtangulia: ukosefu wa uelewa, ukosefu wa mtaji, miundombinu duni, ushiriki hafifu wa wanajamii. Vifungu hivyo vimekaa kichwani vimeshonwa tayari, kama sare za shule dukani, unachagua saizi. Dada wa Rombo hakuamini kwamba babu yake ni mjinga. Hakuwa na Kiingereza cha mtu anayejua ananyonywa na bado anauza, ila cha mkulima asiye na uelewa alikuwa nacho. Akaandika alichokuwa nacho. Msimamizi akaona kuna kitu hakikai sawa, na kwa kuwa na yeye amezoea, akakiita Kiingereza.

Lugha si mkosaji pekee. Upo pia ugonjwa wa hoja sita. Aliyesoma historia kidato cha tano na sita anaujua: utangulizi, hoja sita, hitimisho, na ole wako ukiwa na tano. Mtahini mwenye marundo ya vitabu vya majibu anahitaji kitu cha kuhesabu, namwelewa. Lakini mtoto akishanyooshwa hivyo miaka miwili, akiulizwa chuoni kwa nini jambo fulani linatokea, hatafuti sababu. Anatafuta sita. Mbili anazo kweli, mbili zinafanana na hizo mbili, mbili amezijaza. Kila moja ina sentensi tatu. Ripoti ile ya kahawa ilikuwa nazo sita, nilizihesabu. Baada ya robo saa ya habari za babu, sababu ilikuwa moja: fedha inakuja wakati ambao haihitajiki na haipo wakati inahitajika. Nikamwambia aandike sura nzima juu ya hiyo moja, aichimbe. Akaogopa. "Moja tu, kaka? Si watasema sijafanya kazi?"

Ilinisaidia pia kwamba sikujua kitu. Mimi nilisoma sosholojia. Mtu akija na ripoti ya uhasibu au ya mizani ya vyama vya akiba na mikopo, ilibidi anieleze mpaka nielewe, na katika kunieleza alikuwa anagundua mahali ambapo yeye mwenyewe haelewi. Mhadhiri hawezi kuuliza swali la kijinga kwa namna ya kuaminika. Mimi niliweza, na sikuwa naigiza.

Wageni walikuwepo, wa Uganda na Sudan Kusini, na hao tuliongea Kiingereza. Hakuna aliyekufa.

Halafu mwishoni mwa mwaka 2022 ikaja ChatGPT, programu ya akili mnemba inayokuandikia unachoiomba, na ndani ya miezi michache kazi ya mtu wa grama ikahamia kwenye simu. Wengine waliona huo ndio mwisho wetu. Kwa upande mmoja nilifurahi: kama tulikuwa steshenari, basi sasa kila mtu ana steshenari mfukoni, na uongozi ungelazimika kujiuliza tuko pale kwa ajili gani. Kwa upande mwingine nilipoteza kitu ambacho sikujua kwamba nakitegemea. Makosa. Sentensi ya mwanafunzi inapovunjika katikati, mara nyingi imevunjika pale pale fikra ilipokatika. Alianza na jambo moja, akaona haliendi, akarukia lingine bila kurudi kufuta. Lile kosa ni alama ya mguu. Nilikuwa naifuata nyuma mpaka nimkute mwenyewe amesimama wapi. Sasa zikaanza kuja karatasi laini, hazina unyayo hata mmoja, na hoja zake ni sita.

Kijana mmoja wa utalii alileta karatasi ya namna hiyo. Nikamwonyesha neno kwenye sentensi yake ya pili, nikamuuliza maana yake. Akalitazama kama mtu aliyekuta kiatu asichokijua mlangoni kwake. Sikumsema. Nikaigeuza karatasi kifudifudi, nikamwomba anisimulie alichotaka kusema. Akatoa maelezo ya dakika kumi, mengine hayakuwa na kichwa wala miguu, mengine mazuri kuliko yote yaliyokuwa chini ya kiganja changu.

Vyuo vimejibu kwa kuwinda. Programu za kupima ufanano, wahadhiri wanaonusa kila sentensi iliyonyooka. Matokeo yake nimeshuhudia kioja ambacho sijui nikicheke au nikililie: binti aliyesoma shule nzuri ya Arusha, Kiingereza chake safi tangu utotoni, anakaa mbele yangu anatia makosa kwenye kazi yake kwa makusudi ili aaminike kwamba ni yake. Aliniomba ushauri ni makosa gani yanafaa. Akili mnemba haijaumba tatizo hilo. Kama kigezo cha kazi nzuri kingekuwa wazo lililopatikana kwa jasho, usafi wa sentensi usingemtia mtu hofu wala kumpa kiburi.

Nirudi kwenye malipo, maana huko ndiko imani ya wenye chuo inakoonekana bila kificho. Tulilipwa kwa vichwa. Kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu lenye safu za jina, namba ya usajili, kozi, tatizo, saini. Mwisho wa mwezi vichwa vinahesabiwa, na hela inatoka ikijisikia, wakati mwingine boom, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, la muhula unaofuata limeshaingia na kuisha. Ukikaa na mtu dakika ishirini, ukamtilia nukta na mkato, unaweza kuwaona watatu kwa saa. Saa na nusu niliyokaa na dada wa Rombo ilikuwa kichwa kimoja. Na kwenye safu ya tatizo nimeandika nini? "Grama", kama kawaida, kwa sababu safu ilikuwa nyembamba. Sisi wenyewe ndio tuliolisha takwimu zilizotumika kutuambia kwamba kazi yetu ni grama.

Ningekuwa na sauti kwenye kikao chao ningeomba vitu vya kawaida sana: malipo kwa saa, tangazo la mlangoni libanduliwe, na mtu asiruhusiwe kuja na kazi inayokabidhiwa kesho yake. Hilo la mwisho wenzangu walilipinga, wakisema tutakosa wateja. Neno lenyewe hilo, wateja.

Dada wa Rombo aliondoka siku ile na sura moja ya kuandika upya. Akaandika habari za Januari na mnada, kwa Kiingereza chake, chenye makosa kama manane niliyomwonyesha moja moja. Akakabidhi. Wiki moja baadaye akarudi amenuna, akaitupa sura mezani. Msimamizi hakugusa Kiingereza safari hii. Alikuwa amezungushia duara aya ile nzuri kuliko zote, na pembeni akaandika kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili: Umejuaje?

"Si nimemwambia babu yangu anafanya hivyo?"

"Babu mmoja."

"Na majirani."

"Umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Dodoso lake lote lilikuwa na maswali ya ndiyo na hapana, na hakuna swali hata moja lililomuuliza mtu anapata fedha lini na anaihitaji lini, kwa sababu alipolitunga alikuwa bado anatafuta sita. Tuliangalia kalenda. Zilibaki siku kumi na tisa. Ijumaa akapanda gari la Rombo na daftari la kaunta, akarudi Jumatatu na kurasa kumi na moja za maneno ya wazee, nusu Kiswahili, nusu Kirombo, hakuna neno la Kiingereza hata moja. Maktaba ilikuwa inafungwa. Tukatoka nje, tukakaa kwenye kimbweta, akaanza kunitafsiria ukurasa wa kwanza.